Okidi Katika Nyumba ya Eda

Bagamoyo,
20 Julai 2024

Mjukuu wangu Hajra,

Assalaam alaykum warahmatullah. Ama baada ya salaam, natumaini barua hii itakukuta na uzima wa mwili. Uzima wa moyo sikuulizi. Wiki tatu tangu kumzika mume ni chache mno. Simu yako umeizima na hukukosea. Yangu nayo hainifai siku hizi, kila anayenipigia namsikia kama anasema ndani ya mtungi. Basi tuandikiane. Twalib, konda wa basi la Tanga, ameahidi kuzifikisha barua zetu.

Pamoja na hii utapokea boksi lenye matundu. Twalib alidhani ni kuku, akaniuliza kama nimempa maji. Ndani mna kipande cha gogo la mkwaju na mmea uliokaa juu yake. Ni okidi. Miaka mitatu iliyopita mti uliangushwa na upepo kule Makurunge, na mwenye shamba alipokuwa akiupasua kuni akaukuta matawini, akaniletea kwa kuwa anaujua ugonjwa wangu wa kupenda mimea ya namna hii.

Sasa maelekezo. Usiupande. Narudia, maana nimefundisha sayansi miaka thelathini na sita na najua mwanafunzi husikia nusu: usiutie udongo, usiufukie, usiufunike. Mizizi yake inataka upepo. Utundike na gogo lake mahali penye jua la asubuhi tu. Unyunyizie maji ya mvua kila siku. Ya kisima chenu yana chumvi, nao hauivumilii.

Huenda wakasema maua hayafai nyumba ya msiba. Nimeuchagua huu kwa makusudi. Ua lake halina harufu ya kufika mbali, na mwaka huu huenda lisitoke kabisa. Sikutumii pambo, nakutumia kazi. Kila unapoandika nieleze ulichokiona, si unachokijua.

Chumba cha mbele nimekipaka chokaa. Eda ikimalizika mwanzoni mwa Novemba, inshallah, nitamtuma mjomba wako Khamis aje akuchukue. Pangani utabaki kwa ajili ya nani? Muzammil ametangulia, watoto hamkujaliwa, na mama mkwe ni mama mkwe. Nisalimie Bi Mwanaharusi. Mola ampe subira, mtoto alikuwa mmoja tu.

Babu yako,
Mikidadi


Pangani,
3 Agosti 2024

Shikamoo Babu,

Wa alaykum salaam. Boksi limefika. Mmea una majani manane, moja limevunjika ncha. Nimeutundika upenuni, uani. Jumanne yalipita manyunyu, nikakinga ndoo moja.

Ulisema niandike nilichokiona. Nimeona kijiti kwenye gogo. Basi. Nisamehe.

Jumatano walikuja majirani kuhani. Mmoja akatazama juu: “Hee! Mjane na bustani!” Mwenziwe akamwambia, “Bustani gani, shoga, hata udongo hamna? Huko Bagamoyo udongo umekwisha?” Wakacheka, kisha wakakumbuka wako wapi, wakajifunika kanga vinywani.

Mama mkwe hakusema neno. Yeye hasemi kabisa. Asubuhi anakaa kwenye kigoda anaponda makumbi ya nazi kwa rungu lake, mchana anachambua nyuzi zake, usumba, alasiri anasokota kamba. Mimi nipo ndani. Tunapishana mlangoni kama wapangaji. Chakula anakiweka, anakifunika kawa, anaondoka.

Nihesabie siku, Babu. Chumba nakitaka.

Mjukuu wako,
Hajra


Bagamoyo,
14 Agosti 2024

Mjukuu wangu Hajra,

Marahaba. “Nimeona kijiti kwenye gogo.” Vizuri sana. Wanafunzi wangu wengi wangeniandikia kurasa mbili za mambo wasiyoyaona. Wewe umeandika kweli, tutaanzia hapo.

Panda juu ya kiti utazame pale shina linapogusana na gogo. Utaona mizizi ya namna mbili. Ya kwanza ni minene, imelikumbatia gome kama vidole. Hiyo ni ya kushika na kunywa. Ya pili ni myembamba, myeupe, migumu, imesimama wima kama sindano kwenye kijimto cha fundi cherehani. Umewahi kuona mzizi unaoelekea juu? Mimi nilipouona mara ya kwanza nilikuwa na miaka hamsini, na shahada yangu ya chuo ikining’inia ukutani, na ilibidi nikae kitako. Kumbe lile ni kapu. Majani yakipukutika kutoka matawi ya juu, vumbi likipita, ndege akiacha uchafu wake, vyote hunasa mle vikaoza polepole, na mvua huvishusha kuwa chakula. Mmea hauna udongo, basi umejisukia kapu la kuungojea uje wenyewe. Wala haunyonyi mti ulioukalia. Wanaouita kimelea wanausingizia.

Ile mizizi minene imevaa koti jeupe, jepesi kama sifongo. Ukiwa mkavu, udondoshee matone mawili ya maji, kisha uhesabu taratibu mpaka ishirini. Niambie umeona nini.

Kuhusu majirani: mwenye eda hukatazwa kujipamba, kujitia manukato na kutoka pasipo dharura. Kutazama alichokiumba Mungu hakumo. Lakini usiwajibu. Aliyecheka msibani amekwisha kujiaibisha mwenyewe.

Na huyo mama mkwe asiyesema, mwache. Siku zenyewe zinakwisha.

Babu yako,
Mikidadi


Pangani,
1 Septemba 2024

Shikamoo Babu,

Nilihesabu. Nilipofika kumi na moja tu, mzizi ukaanza. Ulikuwa mweupe kama chaki, ukawa kijani! Si wote kwa pamoja. Unaanzia pale tone lilipotua, kisha unaenea kama mafuta kwenye kitambaa. Nikarudia mzizi mwingine, na mwingine, mpaka wali ukaungua jikoni.

Sindano nimezihesabu: arobaini na tatu. Saba zimenasa jani la mwarobaini, na moja imelitoboa jani katikati. Kuna chipukizi ubavuni. Tarehe kumi na tisa lilikuwa sawa na ukucha wangu, leo ni pingili nzima ya kidole. Nalipima kwa uzi. Na kuna sisimizi, Babu. Wanapanda gogo kwa upande wa kushoto siku zote. Nikawawekea kijiti wapite kulia, wakakizunguka wakarudi kushoto. Sijui kwa nini, nimeandika nilichokiona.

Juzi mama mkwe alikuja akasimama nyuma yangu. Akauliza, “Kinakula nini hicho?”

Nikasema, “Kinakula hewa, Mama.”

“Kumbe mpo wawili,” akasema, akaondoka na sahani yangu ambayo sikuigusa.

Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza wiki nzima, na ni kejeli.

Mjukuu wako,
Hajra


Bagamoyo,
8 Septemba 2024

Mjukuu wangu Hajra,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama. Mmea ule nimekaa nao miaka mitatu, na habari ya sisimizi sikuwahi kuiona. Nimekwenda barazani na miwani miwili nikazitazama okidi zangu zote kumi na moja. Wapo! Tena kila mmea una njia yake. Nadhani chipukizi hutoa utamu kidogo ubavuni, na sisimizi anajua duka lake liko wapi. Nadhani tu. Wewe ndiye uliyeona, mimi nabahatisha sababu.

Najivunia. Mtu aliyefiwa akaweza kumwekea sisimizi kijiti ili ajue tabia yake, huyo jicho lake ni zima. Endelea. Siku hizi kavu nyunyiza mara mbili, asubuhi na alasiri.

Meza nimekununulia, imewekwa chini ya dirisha.

Babu yako,
Mikidadi


Pangani,
27 Septemba 2024

Babu, shikamoo,

Mtume mjomba Khamis siku ileile eda inapomalizika, asichelewe hata saa moja.

Nilishikwa na malaria. Nililala siku kumi na mbili, uani sikutoka. Jana nimeamka, nikaenda kuutazama mmea. Umefungwa, Babu! Kuanzia gogo mpaka shingo ya majani umeviringwa usumba na kukazwa kwa kamba kama maiti. Nikaufungua. Ncha za majani yote ni nyeusi, kavu, kama zilizopitishwa motoni. Chipukizi limekauka. Zile sindano arobaini na tatu zimeungua ncha.

Mama alikuwa kwenye kigoda chake. Nikamwuliza, “Mama, umeufanya nini?”

“Nimeufunika.”

“Kwa nini?”

“Ulikuwa uchi.”

Na mimi nikamwambia neno ambalo sijawahi kumwambia mtu mzima. Nilimwambia hakutosheka kufiwa yeye, alitaka na mimi nisibakiwe na kitu. Akainua rungu lake, akaendelea kuponda makumbi.

Njooni mnichukue.

Hajra


Bagamoyo,
30 Septemba 2024

Mjukuu wangu,

Barua yako nimeisoma. Mwanamke huyo ameuona mmea ukining’inia wazi miezi miwili, ukistawi, na wewe ukiuhudumia mbele ya macho yake. Kuufunika wakati umelala mgonjwa si kutojua. Ni kusudi. Watu wengine huzuni huwageuza hivyo.

Usigombane naye tena. Mpe salamu, basi. Khamis atafika tarehe tatu Novemba asubuhi. Chumba kipo tayari tangu Julai, na mimi nipo.

Babu yako,
Mikidadi


Bagamoyo,
4 Oktoba 2024

Mjukuu wangu Hajra,

Barua yangu ya Jumatatu ichane. Kama hujaifungua, usiifungue.

Niliposhusha hasira niliisoma yako upya, safari hii kama mwalimu anayesahihisha mtihani. Mzizi wa okidi uliokosa hewa huoza. Unalainika, unanuka, ubovu unaanzia chini na kupanda, na huchukua wiki nyingi. Wewe hukuandika hivyo. Umeandika ncha nyeusi, kavu, kama zilizopitishwa motoni, na kwa siku kumi na mbili tu. Ulichokiona kimeandikwa vizuri mno, ila mimi sikukisoma. Hiyo ni chumvi.

Na chumvi imetoka wapi, ikiwa unanyunyiza maji ya mvua? Makumbi hayapondwi yakiwa makavu kutoka mnazini. Hulazwa kwanza katika mashimo ya pwani, bahari ikiingia na kutoka juu yake kwa miezi sita, ndipo yalainike. Kila uzi wa usumba umeshiba bahari. Mimi mzaliwa wa Bagamoyo nilipaswa kulijua hilo kabla ya kumhukumu mtu. Chukua uzi mmoja wa ule uliofunga mmea, utie ulimini. Aliyesokota kamba maisha yake yote haionji tena chumvi ile. Kwake huo ndio usumba safi.

Kuna jambo jingine. Umelala na malaria siku kumi na mbili, na sasa u mzima, unaandika na kugombana. Nani alikuuguza? Barua yako haisemi.

Yangu nayo ilificha kitu. Nilikufundisha kuandika ulichokiona, kisha mimi nikaandika nilichokitaka. Nilitaka uje. Nyumba hii ni kubwa, na tangu bibi yako afariki, kikombe ninachokiosha ni kimoja. Nilipopata sababu ya kumchukia Bi Mwanaharusi niliishika kwa mikono miwili bila kuichunguza. Nisamehe.

Mmea huenda haujafa wote. Uloweke na gogo lake katika maji ya mvua nusu saa, umwage maji, urudie mara tatu. Fanya hivyo kila baada ya siku mbili. Mizizi iliyokauka ikate kwa wembe uliopitishwa motoni.

Babu yako,
Mikidadi


Pangani,
12 Oktoba 2024

Shikamoo Babu,

Ya Jumatatu nilikwisha kuifungua. Nilifurahi nilipoisoma, nikasema, ona, hata Babu anajua. Siku tano baadaye ikaja ya pili.

Nimeonja usumba. Ni chumvi tupu, ulimi ulifanya ganzi.

Nikaupeleka uzi kwa Mama. Nikamwuliza, “Usumba huu umetoka wapi?”

“Shimoni.”

“Shimo lipi, Mama?”

Akauchukua uzi mkononi mwangu. “La Muzammil.”

Babu, makumbi yale aliyalaza yeye. Mwezi wa tatu, kabla ya Ramadhani, alimchimbia mama yake shimo jipya, akayapanga, akaweka mawe juu. Akamwambia asiyafukue kabla ya Septemba, yatakuwa magumu. Septemba ikafika. Mama akaenda peke yake, akayafukua. Aliyoyaponda mwanzo ndiyo aliyoufunga mmea.

Nikamwuliza kwa nini. Akasema, “Ulikuwa unaweweseka kwa homa, unauliza kama kimekunywa. Humuulizi mtu, humuulizi marehemu, unakiuliza kile. Nikaenda kukitazama, kinapigwa na upepo, mizizi nje. Nikasema mtoto huyu akiamka akikikuta kimekufa baridi, nitamjibu nini? Nikachukua kilicho bora ndani ya nyumba hii.”

Umeuliza nani aliniuguza. Ni yeye. Alinilaza kifuani kwake akininywesha uji kwa kijiko, na kanga alizibadilisha mara tatu kwa siku. Nilitaka kuandika kwamba nilisahau kukuambia. Sikusahau. Ningekuambia, barua yangu ingeharibika.

Sikujua niombe radhi kwa maneno gani. Makumbi mengine ya Muzammil yamo ghalani, hajayaponda. Anasema mkono unakataa. Nikaenda nikayatoa, nikatafuta rungu la pili, nikakaa chini karibu na kigoda chake. Akanitazama. Akasema, “Hivyo unavyolishika utajivunja kidole.” Akanishika mkono akanionyesha. Tuliponda mpaka adhana ya alasiri, na sote tulilia, lakini kwa sauti ya rungu mtu hakusikia.

Mmea tunauloweka pamoja. Mimi nashika gogo, yeye anamimina maji. Kila mara anauambia, “Haya, tema chumvi.” Kati ya vijiti vitano vya shina lake, vinne vimekufa. Kimoja bado kijani.

Hajra


Pangani,
20 Oktoba 2024

Kwa mkwe wangu, Mwalimu Mikidadi,

Assalaam alaykum. Naandika kwa herufi za Kiarabu nilizofundishwa chuo cha Kurani. Za shuleni sizijui, na Hajra ameniambia wewe unazisoma zote.

Barua yako ya kusema nilikusudia nimesomewa. Nilimwomba Hajra anisomee zote, naye ni mtoto mkweli, akasoma na hiyo. Alipofika katikati alitaka kuruka, nikamwambia usiruke. Nilikaa nayo siku tatu. Siku ya nne nikacheka. Mwalimu mzima, mtoto wa pwani, umeandika usiutie udongo, usiufukie, usiufunike, lakini hukukumbuka kwamba uani kwetu kuna mwanamke na marundo ya makumbi. Na mimi msokota kamba nimesahau kwamba bahari ina chumvi. Mmea tumeuunguza pamoja, mkwe wangu. Hapo tupo sawa.

Nasikia wapenda kuambiwa watu wameona nini. Basi na mimi nimeona. Nimesokota kamba miaka arobaini na mbili, na kamba nzuri naijua hata kwa kuipapasa. Mizizi ile inasuka. Mmoja unapita juu, wa pili chini, wa tatu unaibana, na haina kidole hata kimoja. Nilijaribu kuunyofoa mmoja uliokauka, gogo likainuka pamoja nao. Nimesema subhanallah. Mimi kazi hiyo nilipigwa makofi na mama yangu miaka miwili ndipo nikaijua.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Eda ya Hajra inamalizika. Nimemwambia aende kwako. Ana miaka ishirini na tisa, na nyumba hii kila msumari una shati la mume wake. Asibaki kwa kunihurumia. Mtu akikaa nawe kwa huruma, kila siku utajiona unamdai maisha yake. Siwezi kuyabeba hayo na mtoto wangu yuko kaburini. Mtume huyo Khamis, na usimwambie Hajra kwamba nimekuomba.

Mimi,
Mwanaharusi binti Bwanausi


Bagamoyo,
26 Oktoba 2024

Mjukuu wangu Hajra,

Nimepata barua ya mama mkwe wako na nimemjibu kwa herufi zake. Tuliyoandikiana hayakuhusu. Nikuambie tu kwamba katika maisha yangu nimesahihishwa na wakaguzi wa wizara na maprofesa wawili, na hakuna aliyenisahihisha vizuri kama yeye. Yale aliyoyasema kuhusu ufumaji wa mizizi nimeyanakili kwenye daftari langu na jina lake nimeliandika pembeni.

Khamis atafika tarehe tatu. Kazi yake ni kukuuliza, si kukubeba. Ukisema ndiyo, atapakia mizigo. Ukisema hapana, atakunywa chai atarudi.

Nilikuwa nimeandika hapa mfano mrefu wa okidi na mti wake, ukurasa mzima. Nimeuchana. Wewe si mmea. Amua kwa hesabu zako mwenyewe, na usinihesabu mimi humo. Chumba ni chako ukija kesho, na ni chako ukija baada ya miaka kumi.

Babu yako,
Mikidadi


Pangani,
7 Novemba 2024

Shikamoo Babu,

Mjomba Khamis alikunywa chai, vikombe viwili, na mkate wa mofa. Najua amekwisha kukuambia.

Nikuambie mimi ilivyokuwa. Siku niliyotoka eda niliamka, nikaoga, nikavaa, na Mama akaniuliza nataka kwenda wapi kwanza. Nikasema shimoni. Akasema, “Utachafuka.” Nikasema najua. Tukaenda maji yalipokupwa, na makumbi mabichi vichwani. Shimo la Muzammil lipo vilevile, mawe yake ameyapanga duara. Tukaingia. Matope yalitufika magotini, baridi, yananuka yai bovu. Tukayapanga makumbi humo, yeye ananipa, mimi nalaza.

Katikati ya kazi akasimama. “Niambie kweli, mwanangu. Unabaki kwa kunihurumia?”

Nilimwambia, “Mama, Bagamoyo nina kila mtu. Lakini nani mwingine duniani anajua kwamba Muzammil alikuwa anaogopa kaa?”

Alicheka, Babu. Alicheka mpaka akashika kiuno. Akaanza, “Siku moja, ana miaka saba, kaa kamshika hapa...” na alipomaliza hiyo akaanza nyingine, na maji yakaanza kurudi, ikabidi tukimbie, bado anasimulia. Mimi nilikuwa na Muzammil miaka mitano. Mama ana thelathini na moja iliyobaki. Siwezi kuiacha hapa nikaondoka.

Basi nimebaki. Jumatatu narudi kufundisha darasa langu la chekechea. Kijiti kilichopona kimetoa mzizi mmoja mpya, ncha yake ya kijani. Nimeupima: milimita nne.

Najua nimekukata maini. Kama umekasirika niandikie kwamba umekasirika.

Mjukuu wako,
Hajra


Bagamoyo,
12 Novemba 2024

Mjukuu wangu Hajra,

Marahaba. Sikukasirika. Niliumia. Nilikaa barazani na barua yako magotini mpaka chai ikapoa, na nisingekuwa mkweli kama ningekuficha. Kisha nikaisoma tena pale mlipokimbia maji huku anasimulia, na nikajikuta namwonea wivu kila mmoja wenu. Umeamua vizuri kuliko nilivyokuombea.

Nakuja. Tiketi nimekata, Jumatano ya tarehe ishirini, na nitakaa mpaka mnichoke. Miaka thelathini na sita nimesimama mbele ya ubao kuwaeleza watoto wa pwani faida za mnazi, nikiwaandikia “kumbi: hutengenezwa kamba”, nikapita kwenye somo linalofuata. Shimo la makumbi sijawahi kulikanyaga hata siku moja. Nina suruali ya zamani isiyo na kazi.

Mwulize Bi Mwanaharusi, kesho yake, Alhamisi, maji yatakupwa saa ngapi, na mwanafunzi mpya aje na nini.

Babu yako,
Mikidadi